Mkojo wa Bi Mkasi

Wanangu mnaosomea ukunga, mmeniletea daftari jipya na kalamu, mkaniambia, "Bibi, tuandikie ulivyokuwa ukiwaokoa watoto njiti." Nimeshukuru. Ni kweli nimelea wengi waliokuja duniani kabla ya siku zao, na ni kweli mikono hii iliijua kazi ile. Lakini hamkuniuliza niliijulia wapi. Mimi ningekuwa nyinyi ningeuliza. Kaeni basi niwaambie, na asiyependa habari za mkojo atoke sasa hivi, maana ndizo nyingi humu.

Siku hizi mnachovya kijiti, kinageuka rangi, mnaandika, mmemaliza. Sisi, miaka ile ya mwisho wa hamsini, tulikuwa tukichemsha. Mkojo wa mja mzito unautia katika kijichupa chembamba cha kioo, unakishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti, unangoja. Mkojo mzima huchemka ukabaki vile vile. Mkojo wa mwanamke ambaye presha yake imeshaanza kumla figo hukatika kama tui lililochemshwa bila kukorogwa. Ukishaona mawingu yale meupe, hupigi tena hadithi, unaita gari.

Aliyenifundisha hayo ni Sista, mkuu wetu wa wakunga, Mzungu mrefu, mwembamba, asiyecheka kabla ya saa sita. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: "leta", "ngapi", "haraka". Siku yangu ya kwanza na mashine ya presha, mimi binti wa Wawi niliyejiona nimesoma, nilimfunga mama mmoja ule mpira juu ya mkono wa kanzu, na juu ya kanzu kanga, kwa sababu niliona haya kumwambia aufunue mkono wake mbele ya wenzake. Nikapampu. Mama yule akapiga ukelele kwamba chatu amemshika. Sista akaja, akafungua mpira, akapandisha kanzu mpaka begani, akanitazama. "Pima mtu," akaniambia, "usipime nguo." Wenzangu walinitania kwa neno lile mwaka mzima.

Sista alikuwa na kanuni moja ambayo mpaka leo naisikia masikioni. Presha ikipanda kidogo peke yake, huenda ni woga, au mtu katembea mbali. Mpumzishe, arudi wiki ijayo. Lakini ikipanda na mkojo ukakatika, huyo halali kwake, ni wa hospitali. Presha ni mshitaki na mkojo ni shahidi. Kwa hiyo chupa ile mnayoichukia ndiyo iliyokuwa ikikata shauri.

Nikapangiwa kliniki ya kijiji cha Kiuyu. Kila Jumatano asubuhi gari ya serikali ilinishusha na masanduku yangu, ikaja kunichukua alasiri. Hatukuwa na jengo. Tulipewa baraza ya nyumba moja karibu na msikiti, tukatundika shuka pembeni ya kupimia matumbo. Mbele ya baraza ile, upande wa pili wa njia, alikaa Bi Mkasi, mkunga wa jadi, mwanamke wa makamo ya bibi, mwenye mkono laini na ulimi wa kuchoma. Nusu ya watu wa mtaa ule aliwapokea yeye. Nilipofika alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Nesi, weye ushazaa?" Nikamwambia bado. "Basi karibu," akasema, "tutafundishana." Tukapatana tangu siku ile, na nilimpenda, nalisema hilo mapema ili mjue nilimfanyia nani haya niliyomfanyia.

Kila mja mzito alipewa kichupa kilichobandikwa jina lake. Akirudi Jumatano arudi nacho kimejaa. Mwezi wa kwanza nilipata vichupa viwili tu kati ya wanawake kumi na tano. Mwezi wa pili, vyote. Na vyote safi! Nilichemsha mpaka spiriti ikaniishia, hakuna hata kimoja kilichokatika. Mwezi wa tatu hivyo hivyo. Sista alipokuja kukagua, alipitisha kidole kwenye rejesta kutoka juu mpaka chini, safi, safi, safi, akainua uso.

"Hawa kula nini?" akaniuliza.

"Dagaa na muhogo, Sista."

Akaandika. Wallahi aliandika. Kisha mbele ya wakunga wenzangu wote akasema kituo cha Kiuyu ni cha mfano, na kwamba nafasi ya kozi ya Unguja itakapokuja atalipeleka jina langu. Niliporudi Wawi wikiendi ile mama alipikia majirani wali.

Wiki mbili baadaye nilivuka njia kwenda kwa Bi Mkasi kuomba maji ya kunywa. Nikapiga hodi, kimya. Nikazunguka uani. Nikamkuta amechutama, vichupa vyangu vimepangwa mbele yake kwenye ubao, majina yote ya wana wa Kiuyu yakinitazama, naye anavigawia kwa kifuu cha nazi, hiki kidogo, hiki kidogo, kwa uadilifu wa mtu anayegawa sadaka.

"Bi Mkasi! N'ni hivyo?"

"Mkojo wa wana wako," akasema, wala hakushituka. "Hawawezi kupita nao hapo mbele ya nsikiti, Nesi. Wanaume wamekaa, wauliza, umebeba n'ni mwenye kikapu? Ntu kavaa nguo zake safi, ataka aswali adhuhuri ende zake, abebe najisi? Wangeacha kuja. Miye ntu nzima, sina haya. N'kaona niwasitiri, n'kawatilia wangu."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka. Toka hapo kila Jumatano nilimtania, "Bi Mkasi, kunywa maji, leo wamekuja kumi na wanane." Niliendelea kuwasha taa ya spiriti, kuchemsha na kuandika safi. Sikumwambia Sista. Nilijiambia kwamba nawasitiri wanawake, na kwamba nikiwabana wataacha kuja kabisa, na hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini nilikuwa nawaza Unguja. Ningesema, ile miezi yote ya safi ingegeuka kichekesho, na mimi ndani yake.

Sasa nakuja kwa Riziki.

Riziki alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa saba, amerudi kwao kwa mama yake kungojea uzazi kama ilivyo ada. Nyumba yao ilipakana na ya Bi Mkasi. Msichana mpole, fundi wa kusuka ukili wa mikeka, vidole vimeingia rangi ya zambarau. Jumatano ile alipokaa mbele yangu sikumtambua mara moja, uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Bangili zake zilikuwa zimezama mkononi.

"Tazama mwanangu alivyonawiri," mama yake akasema. "Mashaallah. Yuno ntoto wa kiume."

"Kanawiri," wakaitikia wanawake barazani.

Nikafunga mpira, mkono mtupu, kama nilivyofundishwa. Mia na hamsini juu ya mia moja. Nikangoja, nikapima tena. Ile ile.

"Waumwa, Riziki?"

"Kichwa tu, Nesi. Na hapa chini ya mbavu. Na nona vimulimuli machoni mchana kweupe."

Wanangu, andikeni hayo matatu: kichwa, vimulimuli, maumivu chini ya mbavu. Mkiyasikia kwa mja mzito msiyaache yapite. Mimi niliyasikia yote kwa pumzi moja, nikamwambia, "Ni jua hilo, punguza kusuka ukili uani." Nilikuwa na kichupa chenye jina lake mkononi, na nilijua vizuri mkojo ule ni wa nani. Ilikuwa ni kumwambia tu, Riziki mwanangu, pita hapo nyuma kwa Bi Mkasi ukojoe sasa hivi, uniletee. Mstari mmoja. Lakini mkojo wake ungekatika, na ukikatika nitaandikaje kwamba wa wiki iliyopita ulikuwa safi, na wa wiki ile nyingine? Baraza imejaa, gari iko njiani. Nikawasha taa. Nikachemsha mkojo wa bibi mzima wa mtu, nikauinua kwenye mwanga, nikaukazia macho kama mtu anayetafuta kitu. Nikaandika safi. Nikamwambia apumzike, arudi Jumatano.

Jumamosi asubuhi nilikuwa zamu hospitali ya mjini wakati gari ya mbao ilipoingia uani inapiga honi. Ndani yake Riziki, ulimi umekatika kwa meno, povu la damu mdomoni. Alikuwa ameanguka kifafa tangu alfajiri. Kwao walisema shetani, wamekwisha kutuma mtu akaandikishe kombe, aya za kumnywesha. Bi Mkasi ndiye aliyesimama mlangoni akasema hili si shetani, ni mimba, tafuteni gari, na ndiye aliyempakata njia nzima, kijiko amekizungushia kitambaa akamtilia baina ya meno. Siku hizi tunakatazwa kutia kitu mdomoni. Lakini kati ya watu wote wa baraza ile mimi nikiwemo, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba gari inahitajika.

Dawa za wakati ule zilikuwa za kulaza tu. Chumba kilifungwa mapazia, tukavua viatu, hata kiti hakikuburutwa, kwa sababu kelele kidogo ilimrejesha kwenye kifafa. Sista akapitisha mpira wa kibofu akautoa mkojo wa Riziki mwenyewe, akanipa nichemshe. Haukukatika, uliganda. Nilikipindua kijichupa na haukumwagika.

Sista akaichukua kadi ya kliniki. Akaisoma, akanitazama, akasoma tena.

"Jumatano safi," akasema. "Vipi?"

Hapa ndipo ningepaswa kuwa mtu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba nimegundua leo, hivi sasa, kwamba yule mkunga wa kienyeji alikuwa akiwajazia wanawake vichupa kwa mkojo wake. Leo. Neno hilo nililitamka bila kigugumizi.

Bi Mkasi alikuwa amekaa sakafuni ukumbini pamoja na mama yake Riziki, kanga yake ina damu kutoka kifuani mpaka magotini. Sista akamwita pembeni, mbali na mama yule. Kwa kuwa Kiswahili cha Sista hakikufika huko, na Kipemba ndiyo kabisa, mkalimani nikawa mimi.

"Muulize ni kweli."

Nikamuuliza. Bi Mkasi alimtazama Sista usoni, hakunitazama mimi.

"Kweli," akasema. "Ndimi nilotia. Nilidhani nawasitiri. Na Nesi yuno ajua, kaniona kwa macho yake, tukicheka."

Sista akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema ni kweli," nikamwambia.

"Basi?"

"Basi, Sista."

Nikatafsiri nusu. Bi Mkasi akangoja. Alidhani maneno yake yote yamefika, na kwamba Mzungu yule sasa atanigeukia mimi pia. Sista akamwambia, kwa mdomo wangu, kwamba ni marufuku kwake kuikaribia kliniki na kuzalisha mtu yeyote, na sheha wa kijiji ataarifiwa. Niliyatafsiri hayo neno kwa neno, sikuacha hata moja. Niliyasema kwa sauti, mama yake Riziki akayasikia yote. Akasogea pale alipokaa, akamwachia Bi Mkasi mkeka peke yake.

Mtoto alizaliwa kesho yake asubuhi, bila kungoja ruhusa ya mtu. Msichana, ratili mbili na robo, kama kilo moja ya siku hizi. Daktari alinieleza jambo ambalo nanyi mlishike. Mtoto wa miezi saba huwa mdogo, hilo linajulikana. Huyu alikuwa mdogo hata kwa miezi yake. Presha ya mama huibana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma, na mtoto hukaa humo tumboni na njaa, wiki baada ya wiki, huku nje watu wanasema mama amenawiri. Akizaliwa hana mafuta ya kumtia joto, hana akiba ya sukari, na kifua chake hakijawa tayari kwa hewa. Wa kwetu alikuwa akiguna kila pumzi, na mbavu zikiingia ndani.

Nilimchukua mimi. Nilikataa kwenda nyumbani, watu wakasema Nesi Salma ana huruma. Tulikuwa na sanduku la sabuni, tukalijaza pamba, tukazungushia chupa za maji ya moto zilizovishwa soksi. Siku ya pili niliiweka chupa moja karibu mno, ngozi ya paja ikawa nyekundu, na nikajifunza kuijaribu kwanza kwa ndani ya kiwiko changu. Maziwa nilimkamua Riziki akiwa bado hajitambui, nikamdondoshea mtoto kwa kitonea cha dawa ya macho, matone sita, nikihesabu. Akisahau kupumua nilimpiga kidole kwenye unyayo. Nilijua rangi ya kucha zake kuliko ninavyojua zangu. Mama yake alizinduka siku ya tatu akauliza, "Ntoto yuko wapi?" na nikaweza kumwonyesha.

Walitoka hospitali wakiwa wazima wote wawili. Hapo ndipo lilipoanza jina langu. Kila mtoto njiti aliyezaliwa baada ya hapo, "mpelekeeni Nesi Salma." Yote mnayonisifia nilijifunza juu ya sanduku lile la sabuni.

Na kozi ya Unguja nilikwenda. Niliporudi, Sista wetu amekwisha hamishwa, na mimi nikasema nafsini kwamba sasa hakuna tena wa kumwambia. Kule Kiuyu nilimwomba sheha vijana wawili na makuti. Wakajenga ua nyuma ya ile baraza, na ndani yake choo, pipa la maji, na kata ya kuchotea. Mwanamke akija mikono mitupu, huingia, hukojoa kichupani, hutawadha, hutoka safi kwa sala yake, na msikitini hapiti na kitu. Iliwachukua siku mbili. Siku ya kwanza tu mikojo mitatu ilikatika. Nilikaa ndani ya ua ule nikalia, kwa kuwa ungeweza kujengwa tangu wiki yangu ya kwanza, na aliyekuwa na akili ya kuujua umuhimu wake alikuwa bibi niliyempigisha marufuku.

Miaka miwili ilipopita baada ya mambo yale, nilivuka njia. Bi Mkasi alikuwa amekonda. Hakuna aliyemwita uzazini, na arobaini za watoto zilisomwa bila yeye. Riziki na mama yake, ukuta kwa ukuta naye, hawakuwa wakimpa hata salamu. Nikamwambia kila kitu, pamoja na ile nusu niliyoimeza. Hilo hakuwa akilijua.

"Miaka miwili nasema Mzungu kasikia kanyamaza," akasema. "Kumbe hakusikia."

"Nisamehe, Bi Mkasi."

"Nkojo ulikuwa wangu, hilo n'takwenda kulijibu miye. Kalamu ilikuwa yako, na ulimi ulikuwa wako. Miye sina ntoto alonusurika kufa. Mwenye ntoto yuko hapo. Enda kamwambie Riziki hayo ulonambia, kisha urudi, nami n'takusamehe."

Nikaenda. Hatua ishirini hazifiki. Riziki alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akanitilia chai. Akamtoa mtoto ndani. Miaka miwili na ushei, hajasimama bado, kifua kinapiga mluzi, shingo nyembamba kama ya kifaranga.

"Ntoto njiti hukawia," Riziki akasema. "Lakini yuhai, kwa mikono yako. Salma! Mwamkie somo yako."

Sikujua. Hawakuwa wameniambia kwamba walimpa jina langu. Mtoto akajikokota juu ya mkeka mpaka miguuni pangu, akaushika mkono wangu, akaubusu kama alivyofundishwa. Maneno yote nilikuwa nimeyapanga mdomoni.

"Marahaba," nikasema. Nikanywa chai, nikaaga.

Bi Mkasi alikuwa amesimama mlangoni kwake akiningojea.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema atakuja kukuona."

"Alhamdulillahi," akasema, akafunika uso kwa kanga yake. "Basi nami n'shakusamehe."

Gari ya alasiri ilipokuja kunichukua, alikuwa ametoa mkeka mpya ndani, anautandika barazani.